Unasaka mji wa kale wenye stimu za mtaa? Soma hii kabla hujatoa doh

Kama umesomea Maseno ama bado uko huko, unajua vile wiki ya mwisho ya semesta hukaa. Mbogi imelala kejani, doh imeisha, kila mtu anaskroli simu. Na lazima mmoja awaonyeshe picha ya mtaa flani wa Ulaya. Vichochoro vya mawe, maua dirishani, wazee wanakunywa kahawa nje, nguo zimeanikwa juu kutoka nyumba hii hadi ile. Lisbon, Venice, Prague. Halafu wote mnasema, "Siku moja, maze."

Sawa, siku moja. Lakini fanya hesabu ya leo. Viza ya Schengen peke yake ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hiyo pesa hairudi. Hapo bado hujagusa tiketi ya ndege, bima, na zile karatasi za benki za kuonyesha kwamba hujasota.

Kitu wengi hawajashtukia ni kwamba ile picha yote, njia nyembamba, mawe, kahawa nje, nguo juu, iko upande wetu wa Bahari Hindi, na unaweza kuifikia kwa basi. Kuna miji mitatu mikubwa ya kuchagua: Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu, na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Watu huiongelea kama ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo, na ukichagua vibaya utarudi ocha ukisema pwani imezidishiwa sifa. Kwa sababu najua ganji yako inatosha safari moja tu, wacha tuangalie mji upi ni wako.

Kwanza nikuambie kosa langu. Mara ya kwanza niliingia Mji wa Kale Mombasa saa nane mchana. Jua kali, maduka yamefungwa, paka watatu wamelala kivulini, mimi natiririka jasho na begi mgongoni. Nikachapa picha kumi, nikasema huu mji umekufa, nikaanza kurudi kutafuta mathree. Mzee mmoja aliyeketi barazani akaniuliza, "Mwanangu, wakimbilia wapi? Watu wamepumzika. Rudi baada ya alasiri." Nilirudi saa kumi na moja kwa sababu ya heshima tu. Nikapata mji mwingine kabisa. Makaa yamewashwa, watoto wanacheza mpira kwa kichochoro ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, akina mama wametoa meza za viazi, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Kuta zilikuwa zilezile. Kile kilibadilika ni saa na watu.

Tangu siku hiyo sichagui mji kwa picha ya majengo. Nauliza mambo manne. Watu wa hapo hukaa wapi wakipiga stori? Ni nini hupita njiani: gari, nduthi, punda ama miguu tu? Mtaa huamka saa ngapi na hulala saa ngapi? Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa: nani analala kwa hizo nyumba usiku, wenyeji ama wageni?

Jipime Kisumu kwanza

Kabla hujatoa nauli ya mbali, fanya majaribio hapa nyumbani. Kisumu si mji wa kale kwa kiwango cha Lamu. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na wakati huo pakiitwa Port Florence. Lakini stimu za mtaa hazitaki mawe ya miaka mia tano. Chukua mathree kutoka Maseno, tembea Oginga Odinga Street siku ya kazi asubuhi, pole pole, ukiangalia yale majengo ya zamani ya wafanyabiashara Wahindi. Halafu rudi Jumapili uingie soko la Kibuye, mitumba imepangwa hadi barabarani, omena upande huu, vyuma kuukuu upande ule, kila mtu anakuita "omera".

Sasa jisikilize. Kama Kibuye ilikuchosha baada ya dakika ishirini, basi Marikiti ya Mombasa itakumaliza. Wewe ni mtu wa Lamu. Kama ulikaa Kibuye masaa matatu ukasahau kula, usijaribu kujifungia Lamu siku tano, utaanza kuongea na punda. Na kama unachopenda ni usiku, taa na kuzunguka bila kujua uko wapi, weka pesa ya Zanzibar.

By the way, kama ni mawe ya kale tu unataka, hutaki mtaa, usisafiri hadi pwani. Thimlich Ohinga iko Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na UNESCO waliiweka kwa orodha ya Urithi wa Dunia 2018. Ni noma kabisa. Lakini hapo hakuna mtu atakuuzia chai.

Mombasa, kama unapenda kelele na dishi

Huu ndio rahisi kufikia. Kuna mabasi ya usiku yanatoka Kisumu hadi Mombasa bila kubadilisha, safari ya zaidi ya kilomita 800, ukishuka mgongo utakuwa umekukumbusha kila bampu. Njia nyingine ni kufika Nairobi, halafu SGR kutoka Syokimau. Nauli ya daraja la chini ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, kwa hivyo hesabu thao moja na soo tano na uhakikishe bei kabla ya kusafiri. Nunua tiketi mapema kama ni Disemba ama Pasaka. Na ujue stesheni iko Miritini, si katikati ya mji. Weka kando nauli ya mathree ya kukufikisha.

Anzia Fort Jesus kwa sababu kila mtu anaijua, hata tuktuk wa kwanza utakayemsimamisha. Wareno walianza kuijenga 1593, na aliyeichora alikuwa Muitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na wakaichukua Desemba 1698, yaani karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani na njaa na magonjwa. Waingereza nao wakaigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Hiyo ngome ndiyo iliyowekwa kwa orodha ya UNESCO mwaka 2011. Ingia, ona, toka. Usimalizie siku yako huko, kwa sababu mtaa unaanza ukishatoka kwa lango.

Ukitoka, ingia barabara ya Mbarak Hinawy. Utaona roshani za mbao zilizochongwa juu ya maduka, nyingine zimeshikiliwa na sala tu. Utapita msikiti wa Mandhry, ambao wengi huuhesabu kuwa mkongwe zaidi kati ya ile inayotumika mjini, wa karibu mwaka 1570. Endelea hadi uwanja wa Government Square, mbele ya Bandari ya Kale, ambapo majahazi bado hutia nanga. Rudi kupitia Ndia Kuu. "Ndia" si makosa ya kuandika, ni Kimvita. Ndivyo wenyeji wanavyosema njia. Hiyo ndiyo njia kuu ya mji kwa mamia ya miaka, na leo mathree haiwezi kupita hapo hata dereva akiwa wa rongai.

Halafu ngoja jioni ufike Kibokoni. Hapa ndipo Mombasa inaishinda miji mingine yote, na sitaki ubishi. Viazi karai na ukwaju, mishkaki, bajia, mahamri na mbaazi kama umeamka mapema, mkate wa sinia, achari ya maembe, mabuyu ya kupaka mdomo rangi. Muuza kahawa huja na dele lake la shaba, makaa chini, vikombe vidogo mkononi. Kahawa ni chungu, haina sukari, ndiyo maana unauziwa kashata kando. Usiombe maziwa. Kaa barazani ukikaribishwa, kunywa, sikiliza. Utasikia siasa, mpira na arusi ya nani ilikuwaje, yote kwa dakika kumi, na bei ya hiyo kahawa haitakuumiza.

Asubuhi, kama una pesa ya zawadi ya mamako, pitia Biashara Street ukanunue leso. Kuna duka hapo la jina la "Mali ya Abdulla" ambalo limekuwa likiuza tangu 1887. Soma maneno kabla ya kununua, tafadhali. Kuna leso unaweza kumpelekea mama na kuna leso ya kumrushia jirani vijembe, na ukichanganya ni ngori. Neno leso lenyewe tulilitoa kwa Wareno, kama tu meza, bendera na gereza. Gereza ilikuwa kanisa kwa lugha yao, igreja.

Ubaya wa Mombasa ni upi? Nduthi. Zinapita kwa vichochoro kama zinafukuzwa, na honi inagonga kuta inarudi. Sehemu nyingine taka hukaa siku mbili tatu. Na usiku mwingi, baada ya watu kuingia ndani, usitembee peke yako ukiangalia simu. Hiyo ni rada ya kawaida ya mji mkubwa. Ramadhani nayo hubadilisha ratiba yote: mchana karibu kila kitu cha kula kimefungwa, lakini kuanzia futari hadi usiku wa manane mtaa unawaka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mimi ningekuambia uende hapo hasa, mradi usile barabarani mchana.

Lamu, kama unataka kusikia hatua zako

Kufika Lamu ni kazi. Basi la Mombasa linapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu unavuka kwa boti. Uliza hali ya usalama ya hiyo barabara kabla hujasafiri, kwa sababu kumewahi kuwa na mashambulizi na mara nyingi magari husindikizwa na polisi, safiri mchana. Ukienda kwa ndege unashuka kisiwa cha Manda, na hapo pia lazima uvuke kwa boti. Kwa hivyo hata mwenye pesa huingia Lamu akiwa ameshika mzigo wake juu ya maji, na hiyo naipenda.

Mji wa Kale wa Lamu uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001 kama makazi ya Waswahili ya zamani zaidi na yaliyohifadhika vizuri zaidi Afrika Mashariki. Watu wamekaa hapo zaidi ya miaka 700 bila kuhama. Kile kitakachokushika siku ya kwanza si umri wake. Ni sauti. Hakuna magari kwa hivyo vichochoro. Mizigo inabebwa na mkokoteni, kichwa ama punda: mawe ya kujenga, saruji, soda, hata friji. Punda ni wengi hadi shirika la Donkey Sanctuary limekuwa na zahanati yao hapo tangu miaka ya themanini. Nduthi zimejaribu kuingia pia, na kaunti imekuwa ikipambana kuzizuia zisiingie Mji wa Kale. Ukisikia mtu nyuma yako anasema "Sumila! Sumila!" usigeuke kuuliza ni nani. Jibanze ukutani, punda anapita.

Kuna njia mbili za kujua. Moja iko mbele ya bahari, ya boti na wageni. Nyingine iko ndani, sambamba nayo, wenyeji wanaiita Usita wa Mui, yaani njia ya mji. Hiyo ya ndani ndiyo yako. Upande wa kaskazini ni Mkomani, nyumba kubwa za mawe na kimya. Upande wa kusini ni Langoni, maduka, washonaji, vibanda vya chai, watoto wa madrasa, na msikiti wa Riyadha. Watu wa pande hizi mbili wametaniana kwa vizazi.

Sasa usije ukalalamika kwamba hakuna dirisha. Nyumba za Lamu zimeipa njia mgongo kwa makusudi, maisha yako ndani, kwa ua. Kuta ni za matumbawe, dari ni za boriti za mikoko, na kwa sababu boriti haiwezi kuwa ndefu sana bila kupinda, vyumba ni virefu na vyembamba. Nje utaona mlango uliochongwa na daka, kile kijukwaa cha mlangoni chenye viti vya mawe pande zote mbili. Mwenye nyumba humpokea mgeni hapo bila kumuingiza ndani. Ukiinua macho utaona chumba kimeunganisha nyumba mbili juu ya njia. Hicho ni wikio. Zamani wanawake waliweza kupita kutoka nyumba hadi nyumba huko juu bila kushuka mtaani. Na kile kivuli chote unachotembea chini yake si bahati. Njia ziliachwa nyembamba ili jua lisifike chini na upepo wa bahari upite.

Ukichoka, njoo Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, chini ya mikungu. Ngome yenyewe ilijengwa kati ya 1813 na 1821 na ilikuwa jela hadi 1984. Wazee hukaa hapo asubuhi na tena jioni. Kama una swali lolote kuhusu Lamu, kuanzia boti ya kwenda Shela hadi nani anauza samaki mzuri, jibu liko kwa lile benchi. Salimia kwanza, keti, subiri. Ukianza na swali utajibiwa kwa neno moja.

Wakati wa kwenda? Maulidi, ambayo husherehekewa mwezi wa Mfungo Sita kwa kalenda ya Kiislamu, kwa hivyo tarehe husogea kila mwaka. Wageni hutoka pwani nzima na mbali zaidi, matari usiku, mbio za punda, mashindano ya kuogelea. Kitanda lazima ukitafute mapema. Ukienda wakati mwingine utapata kimya, na saa tatu usiku utakuwa umelala. Hilo ndilo swali la kujiuliza kwa ukweli: wewe na kimya mnapatana?

Na hapa nataka kurudi kwa lile swali la nne, nani analala hapo. Kilomita tatu hivi kutoka mjini, unaweza kutembea ufuoni, kuna kijiji cha Shela. Ni kisafi, kizuri, kina ufuo wa mchanga wa kilomita nyingi. Lakini nyumba nyingi zimenunuliwa ama kujengwa na wageni wa ng'ambo, na tembea miezi ya chini uone: milango imefungwa, mlinzi mmoja, bougainvillea inaangusha maua na hakuna wa kuyakanyaga. Ni sehemu nzuri ya kupigia picha. Mtaa haupo.

Venice walifika hapo mbele yetu. Mwaka 1951 kisiwa chenyewe cha kale kilikuwa na wakazi karibu 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, na Aprili 2024 mji ulianza kutoza yuro 5 mgeni wa kutwa kwa siku zenye msongamano. Yaani unalipia kiingilio mtaani kama ni makumbusho. Nikikuambia chagua mji wenye wenyeji, si maneno ya huruma. Ni kwamba bila mama wa viazi na mtoto wa madrasa hutapata kile ulichofuata. Ukitaka kuona mwisho kabisa wa hiyo hadithi, pitia Gedi karibu na Watamu. Mji mzima wa Waswahili, misikiti, jumba, visima, na hakuna mtu tangu karne ya 17. Miti imeota sebuleni. UNESCO waliuorodhesha 2024 na unastahili, ila stimu za hapo ni za nyani.

Kwa hivyo lala Mji wa Kale kwenye chumba cha mwenyeji, uende Shela kuogelea tu.

Zanzibar, kama unapenda kupotea

Hapa unahitaji karatasi. Viza hutahitaji kama Mkenya, lakini pasipoti ama hati ya muda ya kusafiria ni lazima. Kitambulisho pekee hakitoshi kwa Tanzania. Beba kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa barabara unapitia Mombasa, Lunga Lunga, Tanga hadi Dar es Salaam, halafu feri ya karibu saa mbili. Kutoka Maseno hiyo ni safari ya siku mbili ukiwa mkweli na nafsi yako.

Mji Mkongwe, ulioorodheshwa mwaka 2000, ni mkubwa kuliko Lamu na una sura nyingi zaidi: ya Kiswahili, ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kizungu, wakati mwingine kwa jengo moja. Ramani haitakusaidia. Utapotea, na kila mtu hupotea, na baada ya dakika kumi na tano utatokea baharini ama soko la Darajani. Utapata hadi Barabara ya Kenyatta iko huko, Shangani, usishtuke.

Asubuhi nenda Darajani, soko la tangu 1904, uone pweza na viungo. Alasiri kaa Jaws Corner, njia panda ambapo wanaume hunywa kahawa, hupiga dhumna na kubishana siasa hadi kikombe kinapoa. Usiku nenda Forodhani, bustani ya mbele ya bahari: urojo, miwa iliyokamuliwa na ndimu, mishkaki, pizza ya Kizenji ambayo si pizza. Uliza bei kabla hujaonyesha kidole, na urojo wa bei ya wenyeji uko ndani vichochoroni, si pale penye taa. Watakaokufuata wakitaka kukutembeza wanaitwa papasi, kama wale wadudu wanaong'ang'ania. Jibu la "sante kaka, niko sawa" bila kusimama linatosha.

Kuna uzito pia. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini lilianza kujengwa 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, juu ya eneo la soko lenyewe. Ingia hapo asubuhi ukiwa na akili tulivu, usiliweke kati ya dishi mbili. Na Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020. Miji ya matumbawe hunywa maji ya mvua. Paa likiachwa, ukuta hulainika kutoka ndani.

Februari kuna Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004. Raha ipo, lakini bei za vyumba zinaruka na mtaa unajaa watu wa kamba za shingoni. Kama lengo ni mtaa, nenda mwezi mwingine.

Mambo madogo yatakayokuokoa

Sheng itakuangusha. Ukisema "buda, hii ni how much?" Lamu utajibiwa kwa upole na bei itaongezeka. Salamu kwanza. Mtu mzima ni "shikamoo", na wenyeji wengi utawasikia wakisalimiana "asalaam aleikum". Jibu "waaleikum salaam" hata kama wewe ni wa kanisa la Maseno, hakuna atakayekuuliza. Ukiona mtu amekuita "mwanangu" ujue umepokewa.

Kaptura fupi na vesti acha ufuoni. Kamera nayo: jengo piga, mtu omba. Mama wa buibui hajavaa hivyo ili awe kwa status yako. Mimi niliwahi kukataliwa picha na mama wa mahamri, nikanunua ya hamsini, nikakaa nikala. Siku ya pili akaniambia mwenyewe, "Piga sasa, lakini pigia mikono na karai." Ndiyo picha pekee ya safari hiyo bado niko nayo.

Na ile siku moja ya Ulaya ikifika, enda na maswali yaleyale manne. Lisbon, anzia Alfama, mtaa uliosalimika kwa kiasi kikubwa tetemeko la 1 Novemba 1755 lilipoangusha mji. Jina lake limetoka Kiarabu, al-hamma, maji ya moto ya kuogea. Utashuka ngazi zake ukikumbuka Hamamni, mtaa wa Mji Mkongwe ulioitwa hivyo kwa sababu hiyohiyo ya bafu. Nguo zimeanikwa juu, wazee mlangoni. Na huko pia nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wageni, kwa hivyo angalia kama nguo zilizoanikwa ni za familia ama ni mashuka meupe matupu.

Kwa sasa, kwa mtu wa mara ya kwanza kutoka upande wa ziwa, mwenye siku tatu na ganji ya kuhesabu, mimi nasema Mombasa, na Lamu mwaka ujao ukiwa na wiki. Panda basi la usiku la Kisumu Alhamisi. Ukifika Ijumaa, usikimbilie Fort Jesus na begi. Tafuta chumba, oga, kula mbaazi, lala. Ijumaa mchana watu wako msikitini hata hivyo. Weka alamu ya saa kumi jioni, acha begi, beba pesa ndogo ndogo za kahawa, na utoke.